BARAZA LA MWALIMU: Cheti cha Moshi na Kifua cha Mtoto



Wapenzi wasomaji, mwezi uliopita niliahidi kuendelea na mazungumzo yetu juu ya methali na maana zake. Naomba radhi kuiahirisha ahadi hiyo, kwani limezuka jambo ambalo nimeona halifai kungojeshwa.

Baada ya sala ya Ijumaa, mmoja wa vijana wetu alinifuata uani mwa msikiti. Jina lake sitalitaja. Ameniruhusu kuisimulia habari yake kwa sharti hilo. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, kisha akasita kidogo. "Mwalimu, nina suala, lakini nakuomba usinikasirikie." Nikamwambia aulize.

Gari lake la mwaka 2004, ambalo ndilo limpelekalo kazini usiku katika ghala moja la mizigo, lilikuwa limeanguka katika ukaguzi wa moshi. Bila ya cheti cha ukaguzi huo idara ya magari haimwandikii mtu usajili mpya. Fundi alimtajia gharama ya matengenezo iliyopita mshahara wake wa majuma mawili. Ndipo rafiki yake akamwelekeza kwenye gereji ambako, kwa kuongeza fedha kidogo mkononi, gari hupita bila ya kuguswa. "Je, Mwalimu, hii ni dhambi? Simwibii mtu. Ni moshi tu."

Maneno hayo mawili ya mwisho, "moshi tu," ndiyo yaliyonikosesha usingizi usiku ule. Nyumbani kwangu analala mjukuu wa miaka saba mwenye pumu. Nimewahi kukaa naye hospitali hadi alfajiri, nikihesabu jinsi mbavu zake zinavyoinuka na kushuka. Kwa hivyo nimeona nimjibu kijana yule kwa urefu, na jibu langu liwafae wengine pia, maana najua si yeye peke yake aliyeonyeshwa gereji ile.

Kwanza, yafaa tujue sheria hii ilitoka wapi. Wengi wetu tunadhani ni mtego uliotegwa ili kuwakamua watu fedha. Sivyo.

Tarehe 26 Julai 1943, vita vikuu vya pili vikiwa vimepamba moto, mji wa Los Angeles ulifunikwa na ukungu mzito wa moshi. Macho yaliwasha, makoo yalikereka, na mtu hakuweza kuona mbali zaidi ya mitaa mitatu. Wapo waliodhani kuwa Wajapani wamerusha gesi ya sumu. Baadaye lawama zikaangukia kiwanda kimoja mjini kilichokuwa kikitengeneza kemikali ya mpira wa bandia. Kiwanda kikasimamishwa, na ukungu ukaendelea kuja kama kawaida yake. Mwaka 1947 Gavana Earl Warren alitia saini sheria iliyoziwezesha kaunti za California kuunda mamlaka za kudhibiti uchafuzi wa hewa, na kaunti ya Los Angeles ikatangulia. Viwanda vikabanwa. Mwaka 1957 matanuri ya kuchomea taka majumbani yakapigwa marufuku. Ukungu haukwisha.

Aliyefumbua fumbo hilo alikuwa mtaalamu wa kemia ya viumbe, mzaliwa wa Uholanzi, aitwaye Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akifundisha Pasadena. Kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza asili ya harufu na ladha ya nanasi! Vyombo alivyovizoea kwa kazi hiyo alivitumia kuipima hewa ya mji, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akabainisha kwamba ukungu ule hautoki katika bomba lolote ukiwa umekamilika. Huzaliwa angani. Mvuke wa petroli ambayo haikuungua vyema, pamoja na gesi za naitrojeni zitokazo katika injini, hupikwa na jua hadi ikapatikana ozoni. Jiko lilikuwa jua la California, na kuni zilikuwa magari ya kila mtu. Wenye viwanda vya mafuta walimpinga, lakini ukweli ulisimama.

Kwa kuwa nilifundisha kemia kwa miaka mingi, mniwie radhi nikigeuza baraza kuwa darasa kwa kitambo kidogo. Oksijeni tuivutayo ina atomu mbili. Ozoni ina tatu, na ile ya tatu haitulii. Ozoni iliyoko juu sana mbinguni yatukinga na miali mikali ya jua. Iliyoko hapa chini huvichoma vifua vyetu kwa ndani, kama vile jua linavyoichoma ngozi. Fauka ya hayo, sisi tunaoishi upande huu wa San Bernardino tumekaa mahali pabaya. Upepo wa baharini huusukuma moshi wa Los Angeles kuja mashariki, milima huuzuia usipite, na tabaka la hewa yenye joto huufunika kwa juu mfano wa kifuniko cha chungu. Moshi wa mwenzetu aliye pwani ndio chakula cha mapafu yetu, na wa kwetu ni chakula cha jirani.

Mwaka 1966 California iliweka viwango vya moshi wa bomba la gari, jimbo la kwanza kufanya hivyo katika Marekani nzima. Mwaka 1967 Gavana Ronald Reagan alitia saini sheria iliyoanzisha Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California, na yule bwana wa mananasi, Haagen-Smit, akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huo huo sheria ya serikali kuu ikaipa California ruhusa ya kuweka masharti ya magari makali kuliko ya nchi nzima, kwa kuwa ilikwisha kutangulia. Kuanzia magari ya mwaka 1975, watengenezaji walilazimika kuweka chini ya gari kile chombo kinachosafisha moshi kabla haujatoka, ambacho mafundi hukiita katalitiki. Chombo hicho huharibiwa na risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli. Ndiyo sababu petroli isiyo na risasi ikaenea, na mwaka 1996 petroli yenye risasi ikapigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani nchini Marekani. Kwetu Afrika kusini ya Sahara iliondolewa kufikia mwanzo wa mwaka 2006, yaani miaka 10 baadaye. Ukaguzi wa moshi unaomsumbua kijana wetu ulianza mwaka 1984, na kwa magari mengi hufanywa kila baada ya miaka miwili.

Je, umefaa? Mwaka 1955 ozoni katika hewa ya Los Angeles ilipimwa ikafika sehemu 0.68 katika kila milioni. Kiwango cha nchi nzima kilichowekwa mwaka 2015 ni sehemu 0.070, ingawa cha sasa huhesabiwa kwa wastani wa saa nane na kile cha zamani kilikuwa cha kilele. Kuna ushahidi mwingine ulio mzito zaidi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southern California waliyapima mapafu ya watoto wa sehemu hizi katika vipindi vitatu, kuanzia miaka ya 1990 hadi mwaka 2011, na wakatangaza matokeo mwaka 2015. Katika kundi la kwanza, takriban watoto 8 katika kila 100 walifika umri wa miaka 15 wakiwa na mapafu dhaifu kwa kipimo cha hospitali. Katika kundi la mwisho, lililokua katika hewa safi zaidi, hawakufika 4. Hao wa katikati, ndugu zangu, ndio waliookolewa na vyeti hivi tunavyovilalamikia. Hawajijui, wala wazazi wao hawajui.

Hata hivyo kazi haijakwisha. Katika miaka ya karibuni, bonde letu limekuwa likivuka kiwango cha ozoni kwa siku zaidi ya 100 kila mwaka.

Sasa natazama ni nani anayetulinda. Ulinzi una ngazi tatu, na kila ngazi ina zamu yake. Serikali kuu, kwa mkono wa Shirika la Ulinzi wa Mazingira lililoanzishwa mwaka 1970, huweka kiwango ambacho hewa ya mahali popote haipaswi kukivuka. Meli, ndege na treni pia ni zake. Bodi ya jimbo husimamia magari, mafuta, hata rangi ya kupulizia na marashi ya makopo. Chini yake zipo wilaya 35 za hewa, ambazo husimamia viwanda, vituo vya petroli, wapaka rangi magari na wengine wasiohama mahali. Wilaya yetu ni ya Pwani ya Kusini, na ina vituo vya kupimia hewa katika miji mbalimbali. Ozoni hupimwa kwa kumulika hewa kwa mwanga usioonekana na jicho na kuona ni kiasi gani kimemezwa. Vumbi laini, lile ambalo chembe yake ni sawa na sehemu moja ya 30 ya upana wa unywele, hupimwa kwa karatasi ya chujio: hutiwa mizanini ikiwa safi, huachwa ikivuta hewa kwa saa 24, kisha hutiwa mizanini tena. Mizani haijui tajiri wala maskini.

Hapo ndipo kijana wangu aliponikatiza, maana mazungumzo haya tuliyafanya kwangu nyumbani, Alhamisi iliyofuata. "Mwalimu, malori yanayopita mbele ya ghala letu usiku kucha, hayo nani anayapima? Mbona anayekamatwa ni mimi na gari langu bovu?"

Swali lake lina haki, nami sikumficha. Sheria hizi huwalemea zaidi wasio na kitu, kwa kuwa maskini ndiye mwenye gari kuukuu, naye ndiye apangaye karibu na barabara kuu. Lakini si kweli kwamba wakubwa wameachwa. Mwaka 2008 Bodi iliamuru malori ya dizeli yafungwe vichujio, na kwamba kufikia mwaka 2023 karibu yote yawe na injini za mwaka 2010 au za baadaye. Mwezi Mei 2021 wilaya yetu ilitunga kanuni inayoyabana maghala makubwa kwa ajili ya malori yanayoyaita. Na mwaka 2015 kampuni ya Volkswagen ilifichuliwa kuwa imetia ndani ya magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa, ikasafisha moshi kwa muda ule, kisha ikauachia barabarani kufikia mara 40 ya kiasi kilichoruhusiwa. Magari hayo yalikuwa takriban milioni 11 duniani. Waliowabana hadi wakakiri walikuwa pamoja nao wapimaji wa Bodi hii hii ya California, wakitumia matokeo yaliyoanza kuonekana na wasomi wa Chuo Kikuu cha West Virginia.

Nikamwuliza, "Mwanangu, kampuni ile ilifanya nini hasa?" Akanyamaza. Katika gereji ile aliyoonyeshwa, fundi huchomeka waya wa mashine ya ukaguzi katika gari jingine lililo zima, kisha huandika namba ya gari lako. Mashine hupewa ushahidi wa uongo. Volkswagen walifanya hayo kwa mamilioni ya magari, yeye angefanya kwa moja. Tofauti ni ya hesabu. Ama kuhusu dhambi, mimi si mufti. Najua tu kwamba dini yetu imetufundisha kuwa kuondoa kinachodhuru njiani ni sadaka, na sioni ni vipi kukiweka kitakuwa mubaha. Tena ushahidi wa uongo twaujua hukumu yake.

Nilidhani nimemaliza. Wakati ule mke wangu alikuwa amewasha chetezo, kama ilivyo ada yetu kila usiku wa kuamkia Ijumaa, na moshi wa udi na ubani ukawa umejaa sebuleni. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya baridi. Kutoka chumbani tulimsikia mjukuu wangu akikohoa, kile kikohozi chake kikavu. Kijana akautazama mkeka, akasema kwa adabu sana, "Samahani Mwalimu. Na huu je, ni moshi tu?"

Wasomaji wangu, nimefundisha miaka mingi, na ni mara chache mwanafunzi amenishika hivyo. Daktari alikwisha kuniuliza zamani kama nyumbani mna moshi, nami nikamjibu kwa fahari kwamba hakuna avutaye sigara. Haikunipitikia akilini kuwa udi ni moshi. Kwetu pwani nyumba zina madirisha wazi na matundu juu ya milango, na upepo hupita. Hapa tumefungiwa katika makasha ya vioo. Desturi tulihama nayo, upepo tukauacha. Chembe za moshi wa udi ni nyembamba kama zile za lori, na pafu la mtoto halijui kuwa hii ni heshima ya Ijumaa.

Basi tulilitoa chetezo kibarazani usiku ule ule. Mke wangu hakufurahi, wala simlaumu; harufu ile ndiyo iliyobaki ya nyumba ya mama yake. Tumekubaliana kwamba udi utafukizwa madirisha yakiwa wazi na mtoto akiwa kwa shangazi yake, na siku nyingine tutatosheka na mafuta ya asumini na halwaridi. Sisemi kwamba amepona. Nasema tu kwamba mwezi uliopita tuliihitaji ile pampu yake ya usiku mara chache kuliko mwezi wa kabla.

Ama kijana, tulikaa naye mezani tukajaza fomu. Ofisi ya jimbo inayosimamia mafundi wa magari ina mpango wa kuwasaidia wenye kipato kidogo ambao magari yao yameanguka katika ukaguzi: ama husaidia kulipia matengenezo, ama humlipa mtu alitoe gari barabarani moja kwa moja. Wengi wetu hatuujui. Alingoja majuma kadhaa, akipanda gari la mwenzake kwenda kazini, na alinipigia simu mara mbili kulalamika. Kisha ikakubaliwa, gari likatiwa katalitiki mpya na fundi aliyeidhinishwa, yeye akachangia kilichobaki, na likapita kwa haki. Kilichobaki hakikuwa kidogo kwake, na nayasema haya ili asije mtu akanilaumu kuwa nimempaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kabla sijaaga, nawaachia machache ya kushika.

Kila siku wilaya hutangaza hali ya hewa kwa rangi. Kijani, 0 hadi 50, ni salama. Manjano, 51 hadi 100, ni ya wastani. Chungwa, 101 hadi 150, ni hatari kwa watoto, wazee, waja wazito na wenye pumu au maradhi ya moyo. Nyekundu, 151 hadi 200, ni hatari kwa kila mtu. Zambarau hufika 300, na zaidi ya hapo ni rangi ya damu ya mzee, ambayo Mwenyezi Mungu atuepushe nayo. Siku ya chungwa mtoto mwenye pumu asikimbizwe nje mchana.

Wakati wa joto ozoni hupanda kadiri jua linavyopanda, ikawa kali zaidi alasiri. Walimu wa madrasa wanaopanga michezo na matembezi wayaweke asubuhi.

Moto wa misituni unapowaka, kama ule wa Januari 2025 uliounguza Altadena na Pacific Palisades, fungeni madirisha na mvae barakoa nzito. Ya kitambaa haisaidii kitu mbele ya moshi. Kumbukeni pia kwamba rangi zile hazionyeshi majivu. Majivu ya nyumba zilizoungua yana sumu, hivyo watoto wasiyachezee.

Mkiona au mkinusa moshi usio wa kawaida kutoka kiwandani au gerejini, wilaya ina simu ya malalamiko na wakaguzi wa kutumwa. Wengi wetu huogopa kupiga simu serikalini, kwa sababu zinazojulikana. Mwenye kuogopa aje kwangu, nitaipiga mimi.

Mwisho, tusidhani kuwa ulinzi huu umejengwa kwa mawe. Mwezi Juni 2025 Rais Donald Trump alitia saini maazimio ya Kongresi ya kuifutia California ruhusa zake tatu za magari na malori, na siku ile ile jimbo likaenda mahakamani pamoja na majimbo mengine 10. Hata kwetu sheria ziko: Tanzania iliweka kanuni za viwango vya hewa mwaka 2007, na Kenya mwaka 2014. Sheria bila ya mizani, na mizani bila ya mtu mkweli wa kuisoma, ni karatasi. Wale kati yenu wenye haki ya kupiga kura wakumbuke jambo hili. Na sote tusio nayo, tuna madirisha yetu, vyetezo vyetu na magari yetu.

Mwezi ujao, inshallah, tutarudi kwenye methali.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wenu